Jicho la Mwamuzi na Daftari la Mfugaji



Tuseme umekwenda sokoni na fedha za mbuzi mmoja tu. Mbele yako wamefungwa mbuzi jike wawili wa maziwa. Wa kwanza amenawiri, rangi yake yapendeza, na shingoni ana vile vinyama viwili vinavyoning'inia kama hereni. Wa pili ni wa vumbi, mifupa ya kiuno yaonekana, na sikio lake moja limekatika. Je, utamchukua yupi?

Mimi nilimchukua wa kwanza. Nililipa shilingi 18,000, na fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya karo ya mtoto. Yule wa vumbi alinunuliwa siku ile ile na mama mmoja jirani yetu, kwa bei ndogo zaidi. Nakumbuka nilimhurumia.

Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kila mwaka kwenye maonyesho ya mbuzi hupewa kazi ya kumfuata mwamuzi na kuandika alama anazozitaja. Kwa hiyo nilijiona mtu anayejua mbuzi. Lakini kuandika alama ni kazi moja, na kuona ni kazi nyingine.

Miezi michache baadaye mzee mmoja, mwamuzi niliyekuwa nikimwandikia, alipita nyumbani kwangu kunywa chai. Mzee huyu alikuwa amefuga na kuamua mbuzi kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilimwonyesha mbuzi wangu kwa fahari. Hakutazama rangi. Aliinama, akatia mkono chini ya kiwele, akakamua kidogo, akanyamaza. Kisha akaniambia, "Mwalimu, hebu weka mkono wako hapa." Upande mmoja wa kiwele ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa mgumu kama kiazi kibichi. Mbuzi yule aliwahi kuugua ugonjwa wa kiwele, na upande ule haukupona. Ndiyo maana nilikuwa napata lita moja na robo kwa siku, na mama jirani alikuwa anapata lita mbili na nusu.

Nilimwuliza mzee, "Kwa nini hukunifundisha jambo hili siku zote nilizokuandikia?" Akacheka akasema, "Hukuuliza. Ulikuwa ukitazama karatasi."

Siku ile nilianza kuuliza. Nataka leo nikupe wewe msomaji yale niliyoyapata, ili usilipe karo yako kwa ajili ya rangi ya mbuzi.

MWAMUZI HUTAZAMA NINI?

Mwamuzi wa mbuzi wa maziwa hajiulizi, "Yupi ni mzuri?" Hujiuliza, "Yupi atatoa maziwa mengi kwa miaka mingi bila kuvunjika mwili?" Kila anachokitazama kinajibu swali hilo.

Chama cha mbuzi wa maziwa cha Marekani, kiitwacho American Dairy Goat Association, kilianzishwa mwaka 1904. Katika karatasi yake ya alama kwa mbuzi jike aliyekwisha kuzaa, alama 100 hugawanywa hivi:

Umbo kwa jumla, pamoja na miguu na mgongo: 35
Dalili za mwili wa maziwa: 20
Nafasi ya kifua na tumbo: 10
Kiwele na chuchu: 35

Tazama vizuri. Kiwele peke yake kimepewa alama 35, na miguu, mgongo na umbo lote alama 35 nyingine. Vile vinyama vya shingoni havina alama hata moja, kwa kuwa haviongezi tone la maziwa.

Sasa shika mbuzi wako na tumtazame pamoja.

1. Kiwele. Simama nyuma yake. Kiwele kizuri kimeshikana na mwili kwa upana, juu na nyuma, wala hakining'inii kama mfuko uliokatika kamba. Sehemu yake ya chini isipite vifundo vya miguu ya nyuma, kwa maana kikipita, kitagonga miguu, kitachubuliwa na miiba, na ugonjwa utaingia. Nusu zake mbili ziwe sawa. Chuchu ziwe mbili tu, za kutosha mkono wa mkamuaji. Kisha tia mkono. Kiwele kilichokamuliwa huwa laini na huonekana kama kimesinyaa. Kikibaki kikubwa na kigumu baada ya kukamuliwa, hiyo ni nyama au ugonjwa, si maziwa. Mwisho, kamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge au damu, usinunue.

2. Miguu. Mwache atembee. Miguu ya nyuma itazamwe kwa nyuma: iwe mbali mbali, ili kiwele kipate nafasi. Kwato ziwe fupi na zisimame sawa. Mbuzi mwenye miguu mibovu hulala sana, na mbuzi anayelala sana hali vya kutosha.

3. Mgongo na kiuno. Mgongo uwe ulionyooka na wenye nguvu. Kiuno kiwe kipana, kwa kuwa hapo ndipo watoto hupita wakati wa kuzaliwa.

4. Kifua na tumbo. Kifua kipana kina nafasi ya mapafu na moyo. Tumbo pana na refu lina nafasi ya majani. Majani ndiyo yanayogeuka kuwa maziwa.

5. Mwili wa maziwa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kama nilivyokosea mimi. Mbuzi anayetoa maziwa mengi hanenepi kama mbuzi wa nyama. Shingo yake ni ndefu na nyembamba, mbavu zake ziko mbali mbali, ngozi yake ni laini, na mifupa ya kiuno yaweza kuonekana. Chakula chake kinakwenda kwenye ndoo. Lakini usichanganye wembamba huo na njaa au minyoo. Mwenye minyoo manyoya yake husimama bila kung'aa, na ukifunua kope ya chini ya jicho utaiona nyeupe badala ya nyekundu.

6. Meno. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane. Ya utoto ni madogo. Akiwa na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hupata jozi ya kwanza ya meno makubwa. Karibu na miaka miwili huwa na jozi mbili. Karibu na mitatu, jozi tatu. Na karibu na minne, jozi zote nne. Basi muuzaji akikuambia ni mbuzi mchanga, funua mdomo wa mbuzi naye atakuambia kweli.

JICHO HUONA SIKU MOJA TU

Baada ya kujifunza hayo yote nilidhani nimemaliza. Nikamwambia mzee, "Sasa siwezi kudanganywa tena." Akanijibu kwamba yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake, hudanganywa. Kwenye maonyesho humwona mbuzi kwa dakika chache katika siku moja. Siku hiyo mbuzi yumo katika mwezi wake bora, au amepita. Mwamuzi hajui ya kesho.

Fikiri mfano huu. Mbuzi A baada ya kuzaa hutoa kilo 3 kwa siku, mwezi wa pili kilo 2 na nusu, wa tatu kilo 1 na nusu, wa nne nusu kilo, kisha hukauka. Kwa miezi ya siku 30, jumla yake ni kilo 225. Mbuzi B hapandi juu hivyo. Huanza na kilo 2, hufika 2.2, kisha hushuka pole pole: 2.1, 2, 1.9, 1.8, 1.6, 1.4, 1.2, na mwezi wa kumi 0.8. Jumla yake ni kilo 510. Ukiwaleta wote wawili mbele ya watu katika mwezi wa kwanza, kila mtu atampigia makofi A. Lakini B atawalisha watoto wako mara mbili zaidi.

Ni nani atakayekuambia habari hii? Ni daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Huna haja ya kupima kila siku. Chagua siku moja ya mwezi. Pima maziwa ya asubuhi na ya jioni kwa mizani, ujumlishe, kisha uzidishe kwa siku za mwezi. Andika hivi:

Tarehe 5 Machi. Asubuhi kilo 1.2, jioni kilo 0.9. Jumla kilo 2.1. Mara siku 31 ni kilo 65.1.

Fanya hivyo mpaka akauke, kisha ujumlishe miezi yote. Kazi hii huchukua dakika chache kwa mwezi. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya, na itamfaa kwa hesabu zake.

Katika ukurasa huo huo andika jina la mbuzi, mama yake, baba yake, siku aliyozaliwa, siku aliyopandwa na siku aliyozaa. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Ukijua siku ya kupandwa, utajua siku ya kumtayarishia mahali pa kuzalia. Asiposhika mimba, atataka dume tena baada ya siku 21 hivi; basi tia alama siku hiyo pia.

BIBI MMOJA WA MAREKANI

Labda utasema, "Haya ni maneno ya makarani wapendao karatasi." Basi nikupe habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yalithibitisha jambo hili.

Huko Marekani palikuwa na bibi aitwaye Lilian Sandburg, aliyezaliwa mwaka 1883. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, akafundisha shule, na mwaka 1908 akaolewa na Carl Sandburg, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa mashairi yake. Bibi huyu alianza kufuga mbuzi wa maziwa mwaka 1935, nyumbani kwao Harbert, karibu na Ziwa Michigan. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50. Kundi lake aliliita Chikaming.

Alifuga mbuzi wa Toggenburg, Saanen na Nubian. Aliwapeleka kwenye maonyesho, lakini hakuridhika na tuzo za siku moja. Alipima maziwa, akaandika nasaba, akasoma elimu ya urithi, akachagua kwa makini dume gani apande jike gani. Mwaka 1945 jamaa nzima ilihamia shamba la Connemara, huko Flat Rock katika North Carolina, mahali penye malisho na baridi isiyo kali. Mwaka 1960, baada ya miaka 25 ya kupima na kuchagua, mbuzi wake wa Toggenburg aitwaye Jennifer II alitoa ratli 5,750 za maziwa katika siku 305, akawa wa kwanza duniani katika kabila lake. Hizo ni kilo 2,600 na zaidi, au kilo 8 na nusu kila siku.

Bibi Sandburg alifariki mwaka 1977. Shamba lake sasa ni mali ya taifa, na wageni wafikao huko huwakuta mbuzi wa makabila yale yale.

Usijilinganishe naye kwa maziwa, maana nafaka na majani aliyokuwa nayo si yetu. Jilinganishe naye kwa desturi. Alianza akiwa mtu mzima, akaandika, akachagua, akangoja.

NUSU YA KUNDI NI BEBERU

Jike mmoja humpa mwenyewe watoto wawili au watatu kwa mwaka. Beberu mmoja aweza kuwa baba wa watoto wote wa kijiji. Kwa hiyo kosa la jike ni hasara ya nyumba moja, na kosa la beberu ni hasara ya majirani wote.

Beberu hana kiwele cha kutazamwa. Basi tazama daftari la mama yake, na binti zake kama wapo. Yeye mwenyewe awe na miguu imara, kifua kipana, na kende mbili kamili. Usimchague kwa ukubwa wa pembe wala kwa ukali wake.

Shika na sheria hizi tatu:

Sheria ya kwanza: beberu asimpande binti yake. Mtoto wa namna hiyo hupata robo ya urithi wake katika hali ya kurudiwa, na udhaifu uliojificha hujitokeza: watoto wadogo, wanaokufa, wasiokua. Kwa sababu hiyo vikundi vyetu hubadilishana mabeberu kabla binti zao hawajakomaa. Beberu wa kikundi chenu akiondoka, usinung'unike. Anaondoka kwa faida yako.

Sheria ya pili: watenge watoto wa kiume wakifika miezi mitatu. Wapo wawezao kupanda mapema hivyo, hata dada zao na mama zao.

Sheria ya tatu: usikutanishe beberu na jike ambao wote wawili walizaliwa bila pembe. Sheria hii wengi hawaijui. Katika mbuzi wa Saanen, Toggenburg na Alpine, urithi wa kutokuwa na pembe umefungamana na kasoro nyingine. Mtoto akiupata kutoka kwa baba na kwa mama pia, naye alikuwa awe jike, huzaliwa huntha, yaani si jike kamili wala si dume kamili, na hatazaa kamwe. Mwaka 2001 wataalamu wa Ufaransa walieleza ni sehemu gani ya urithi iliyokatika. Nimewasikia watu wakisema mbuzi kama huyo ni laana, au ni jicho la jirani. Sivyo. Ni hesabu ya urithi, na dawa yake ni rahisi: mmoja wa wazazi awe amezaliwa na pembe. Aliyechomwa pembe utotoni huhesabiwa kuwa mwenye pembe. Kwa hiyo kabla ya kumchoma mtoto, andika daftarini kama alikuwa nazo.

KUPANDISHA DAMU HATUA KWA HATUA

Mwaka 1992 mradi wa serikali za Kenya na Ujerumani ulianza huku kwetu Nyeri, na mbuzi wa German Alpine wakaenea vijijini. Chama cha wafugaji, Dairy Goat Association of Kenya, kiliundwa mwaka 1994. Upande wa Meru, mradi wa shirika la FARM-Africa ulioanza mwaka 1996 ulitumia mabeberu wa Toggenburg kwa majike wa kienyeji. Ndiyo sababu leo wengi wetu tuna mbuzi wa damu mchanganyiko.

Hesabu yake ni hii. Jike wa kienyeji akipandwa na beberu halisi, mtoto huwa nusu. Mtoto huyo akipandwa na beberu halisi mwingine, mjukuu huwa robo tatu. Kitukuu huwa sehemu saba za nane, na kilembwe sehemu kumi na tano za kumi na sita. Kila hatua huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Basi kutoka mbuzi wa kienyeji hadi kilembwe ni miaka sita hadi minane. Asiye na daftari hawezi kujua amefika hatua gani, na akiuza, mnunuzi hana sababu ya kumwamini.

UKIENDA KWENYE MAONYESHO

Mpeleke mbuzi wako, hata kama hutarajii tuzo. Utawaona wa wenzako, na mwamuzi akieleza sababu zake utajifunza bure. Wiki mbili kabla, mfundishe kutembea akiongozwa kwa ukanda. Mpunguze kwato, umpige brashi, umwoshe siku yenye jua. Usimwache bila kukamuliwa muda mrefu ili kiwele kivimbe. Humwumiza, na mwamuzi anayejua kazi yake huomba akamuliwe, kisha hutia mkono tena. Mwenye kikohozi, makamasi au vidonda mdomoni abaki nyumbani. Ukirudi, mtenge na wenzake kwa wiki tatu, maana homa ya mapafu haina tiketi ya kuingilia.

Mwaka uliofuata mama jirani alimpeleka yule mbuzi wake wa vumbi kwenye maonyesho. Mimi nilikuwa kazini, na kalamu mkononi. Mzee alimzunguka, akatia mkono, akaomba daftari. Mama alifungua khanga yake akatoa daftari la shule la mtoto, lenye mafuta ya taa kwenye jalada, miezi yote imeandikwa. Alipata nafasi ya kwanza. Niliandika jina lake kwa mwandiko wangu bora, na jioni nilikwenda kwake kumwomba aniuzie binti wa mbuzi yule. Alinijibu kwamba nipo wa nne katika orodha, nami nikangoja zamu yangu.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini kiwele kitazamwe kabla na baada ya kukamuliwa?
2. Mbuzi alitoa asubuhi kilo 1.4 na jioni kilo 1. Je, mwezi wa siku 30 utahesabu kilo ngapi? (Jibu: kilo 72.)
3. Beberu wako alizaliwa bila pembe. Utamchagulia majike wa namna gani?
4. Jike wako ni robo tatu. Akipandwa na beberu halisi, mtoto atakuwa sehemu gani?
5. Je, daftari lako liko wapi? Kama huna, usingoje mwezi ujao. Chukua kurasa tupu za daftari la mtoto, na kesho asubuhi, kabla ya chai kuwekwa maziwa, pima kwanza.